Blanketi la Fumbo na Hesabu Zake

Mhariri ameniomba nieleze katika kurasa hizi habari ya blanketi ambalo wengi wenu mliliona likitandazwa vipande vipande sakafuni mwa bweni letu muhula uliopita, na ambalo baadhi yenu mlilicheka. Nakubali kwa furaha, ila naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana blanketi lile lina hesabu nyingi kuliko daftari langu.

Kwetu ni Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Mgeni akisikia jina la upande wetu hufikiri mikorosho na ufuta, wala hakosei. Lakini ukiingia katika nyumba nyingi za huko utaona kazi nyingine ambayo haipimwi mizani wala haipelekwi ghalani: vitambaa vya kufuma. Vipo juu ya meza, juu ya migongo ya viti, juu ya redio, na siku hizi juu ya televisheni. Mama yangu hukaanga maandazi asubuhi ya mapema, na alasiri huketi chini ya mkorosho ulio mbele ya nyumba akafuma hata jua linapozama.

Kazi hiyo hufanywa kwa sindano moja tu, fupi, yenye ndoana nchani, nayo huitwa kroshia. Bibi yangu, aliyezaliwa zamani na ambaye masikio yake yamechoka, huamini mpaka leo kwamba watu husema korosho. Mama akiomba aletewe kroshia yake, Bibi humjibu kwamba msimu bado. Tumekwisha kuacha kumsahihisha.

Basi, mwaka jana mama aliingia katika kikundi cha akina mama wafumaji ambao hawajapata kuonana hata siku moja. Mmoja yuko Lindi, wengine Mtwara na Tanga, mmoja amefuata mumewe Muscat, na kiongozi wao ni mama mstaafu akaaye Masasi ambaye wote humwita Mwalimu. Hukutana kwa simu tu. Kila Jumamosi jioni Mwalimu huwapelekea maelezo ya kazi ya juma lile, nao wakisha kuyafuata hupiga picha na kuonyeshana. Kazi waliyoianza mwezi wa Mei waliiita blanketi la fumbo. Sababu ya jina hilo ni kwamba hakuna aliyejua blanketi lenyewe litakuwaje ila Mwalimu peke yake. Wengine walipewa kidokezo kimoja kwa juma, na amri moja kali: msiunganishe vipande hata mtakapoambiwa.

Kidokezo cha kwanza kilisema kila mtu achague rangi tatu, moja ya moto, moja ya majani, na moja ya udongo, kisha afume kipande kimoja cha rangi ya moto chenye pande sita. Juma la pili, vipande sita vya rangi ya moto. Juma la tatu, sita tena vya rangi ile ile. Akina mama walikisia. Huyu akasema ni ua, yule akasema ni jua linachomoza, na yule wa Muscat akasema hapana, ni taa ya msikitini. Mama alikuwa na hakika kwamba ni mzinga wa nyuki. Mwalimu hakumjibu mtu.

Mama hakufuma kwa kujifurahisha tu. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Nachingwea, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na alitazamiwa kuja kujifungulia nyumbani katikati ya Agosti. Blanketi lilikuwa la mtoto. Usiku wa miezi ile ya kipupwe huwa na baridi huko kwetu, hata kama mchana jua ni kali, na kwa hiyo mama alinunua uzi wa pamba badala ya sufu, ili liwe na joto la kutosha lisimchemshe mtoto.

Nilipofika nyumbani kwa likizo ya Juni nilimkuta mama ameketi chini ya mkorosho, mikono yake imetulia mapajani, na wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Mafuta ya maandazi yalikuwa yamemmwagikia siku mbili kabla. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniambia nisihangaike, ni mkono tu. Lakini niliona macho yake yanakwenda kwenye kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na vipande 13 vyekundu, na madonge ya uzi wa kijani na wa hudhurungi ambayo hayajaguswa.

Nilipokuwa mdogo, kabla sijapata aibu ya kukaa na wanawake, nilikuwa nimejifunza kwa mama kufuma mnyororo na nguzo. Nikamwambia, "Mama, nipe sindano." Akanitazama kitambo. Kisha akasema, "Osha mikono kwanza."

Sasa nitaeleza namna kipande cha pande sita kinavyofumwa, ili asiyejua ajue. Maneno ya mnyororo, nguzo na duru ndiyo tuliyoyatumia nyumbani. Wengine wanaweza kuwa na yao.

Mnyororo ni kitanzi kinachovutwa ndani ya kitanzi, na kingine ndani ya hicho. Fuma mnyororo wa vitanzi vitano, uunganishe mwisho na mwanzo upate pete. Nguzo hufanywa hivi: zungusha uzi mara moja juu ya sindano, choma tunduni, vuta uzi utokeze, sasa una vitanzi vitatu juu ya sindano. Vuta uzi upite katika viwili, halafu uvute tena upite katika viwili vilivyobaki. Hiyo ni nguzo moja. Kila duru huanza kwa mnyororo wa vitanzi vitatu, nao huhesabiwa kuwa nguzo ya kwanza. Katika duru ya kwanza, fuma nguzo 12 ndani ya pete. Katika duru ya pili, tundu moja litie nguzo moja, na linalofuata litie nguzo tatu, na hivyo hivyo mpaka umalize. Zile tatu za pamoja ndizo kona, nazo ni sita. Ukihesabu utapata nguzo 24. Duru ya tatu na ya nne, tia nguzo moja moja kila mahali, ila kwenye nguzo ya katikati ya kila kona tia tatu. Duru ya tatu itakuwa na 36, ya nne 48. Gawanya 48 kwa 6, kila upande una nguzo 8. Mwalimu wa Masasi aliwaruhusu wafumaji kubadili mambo ya ndani kila juma, mara ua, mara matundu kama ya chujio, lakini duru ya mwisho ilikuwa sharti iwe na 48, hata vipande vikiwa vya namna mbalimbali viweze kukaa ubavu kwa ubavu.

Mambo hayo nayaandika leo kwa wepesi. Siku ile sikuyaelewa. Maelezo ya simu yalisema kwenye kona "ongeza ziwe tatu", nami kwa haraka zangu nikasoma "ongeza tatu". Nikatia nguzo nne katika kila kona badala ya tatu. Duru ya pili nikapata 30, ya tatu 48, ya nne 66. Sikuhesabu. Niliona tu kwamba kipande hakitaki kulala. Nilikibonyeza, nikakikalia, nikakiweka chini ya sufuria usiku kucha. Asubuhi kilinyanyuka kingo zake zikajikunjakunja kama jani la kabichi. Nikafuma cha pili, kikawa vile vile.

Mama alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akasema, "Fumua, mwanangu."

Nilifumua. Lakini usiku nilijiuliza kwa nini nguzo sita za ziada katika kila duru zimeweza kuharibu kitu kizima, na hapo ndipo nilipoona kwamba somo la duara tulilofundishwa lilikuwa limeketi mapajani mwangu. Mzingo wa duara ni mara mbili ya 22 kwa 7 ya nusu-kipenyo, yaani mara sita na kitu. Ukiongeza duru moja, nusu-kipenyo hukua kwa urefu wa nguzo moja, kwa hiyo mzingo hukua kwa urefu wa nguzo mara sita na kitu. Sasa pima nguzo: urefu wake ni karibu mara mbili ya upana wake. Basi, ili mzingo ujazwe, zahitajiwa nguzo kama 12 zaidi kila duru. Ukiongeza pungufu ya hapo kitambaa hukosa nafasi, kikavutika na kuwa kama kofia au bakuli. Ukizidisha, kitambaa hupata ukingo mrefu kuliko mahali pa kuuweka, kikajikunja. Mimi nilikuwa naongeza 18. Wafumaji wa kofia na wafumaji wa vitambaa hutofautiana kwa hesabu hiyo tu.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa hisabati kosa langu, naye hakunicheka. Aliniambia kwamba kosa lile lina heshima zake. Mwaka 1829 Mrusi Nikolai Lobachevsky alitangaza jiometri ambayo ndani yake mstari mmoja waweza kuwa na sambamba nyingi zinazopita katika nukta moja. Watu waliisumbukia jiometri hiyo miaka mingi kwa sababu ni vigumu kuiona kwa macho. Karatasi zilizogundishwa kuionyesha zilikuwa zikichanika. Mwaka 1997 mama mmoja mtaalamu wa hisabati, Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliifuma kwa kroshia. Akaongeza nguzo kwa kipimo kile kile kila duru, kupita kiasi, kwa makusudi, mpaka kitambaa kikajikunja kama kabichi langu. Wanafunzi wake wakaweza kuishika jiometri ile mkononi. Nilijuta kwamba nilikuwa nimekwisha fumua.

Nirudi Nandagala. Vipande sita vya kijani vilikamilika, vyote vimelala chini vizuri, kila kimoja na nguzo 48. Nilivipeleka kwa mama kwa majivuno. Akaniambia nikiweke kimoja juu ya kimoja chake chekundu. Chake kilikuwa na sentimita 11 toka upande hata upande. Changu kilikuwa na 10.

"Mkono wako ni mkavu," akasema. "Unauvuta uzi kama kamba ya ng'ombe. Fumua."

Hapo nakiri kwamba nilikasirika. Siku ya kwanza mama alikuwa ameniambia nifume kwanza kipande kimoja cha mfano, nikipime, ndipo niendelee, nami niliona ni kupoteza siku. Sentimita moja ni kitu gani? Lakini blanketi lile lilikuwa na vipande saba katika mstari wake mrefu, na sentimita saba ni kiganja kizima cha mtu. Vipande vyangu visingekaa na vyake kamwe. Dawa yake ilikuwa nyepesi: niliacha sindano ya milimeta 4 nikachukua ya 5, vitanzi vikawa vipana, nikapata 11 kamili. Dawa ilichukua dakika kumi. Kufumua na kufuma upya kulichukua siku nne.

Wakati nafumua, Bibi, aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka karibu nasi, alitukumbusha habari ya karanga. Wakati ule Ruangwa ilikuwa bado haijawa wilaya peke yake (imekuwa hivyo tangu 1995), na mnamo 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo, na huku kwetu Nachingwea. Yalitajwa maekari zaidi ya milioni tatu. Yaliletwa matrekta, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kuja bara. Lakini mpango uliamuliwa kabla ya kujaribiwa katika shamba dogo kwanza, kuona udongo na mvua zitasemaje, na mapema mwaka 1951 serikali ile ilikiri kwamba umeshindwa. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya sitini. Bibi alikuwa mtoto alipowaona wale watu na mitambo yao. "Hawakufuma cha mfano," alisema, akaendelea na ukili wake.

Tangu hapo kazi ilikwenda vizuri. Vidokezo vitatu vilivyofuata vilikuwa vya rangi ya udongo, sita, na sita, na sita. Likizo ikakaribia mwisho, na siku ya kurudi shuleni nilikuwa na vipande vyote 37 katika mfuko. Lakini kidokezo cha nane na cha mwisho, kile cha kueleza namna ya kuvipanga na kuviunganisha, kilikuwa bado juma zima, na mkono wa mama ulikuwa haujaweza kukunja vidole. Tulikubaliana kwamba niende na vipande shuleni. Simu haziruhusiwi bwenini kama mjuavyo, basi mama angesubiri kidokezo kije, akitafutie mtu wa kukiandika, na barua ingekuja na gari.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo mliponikuta na kunicheka. Sitawataja. Mlisema ni kazi ya wanawake. Nawauliza: nyavu za wavuvi wa Lindi na Kilwa hufumwa na nani? Wanaokaa nyuma ya cherehani katika kila soko la nchi hii, wengi wao si wanaume? Na hata ingekuwa ya wanawake, sioni kwamba hilo ni tusi. Njaa kuu ya viazi ilipoingia Ireland mwaka 1845, palikuwa na familia zilizookolewa na sindano kama hii. Wanawake na watoto walifuma maua na majani, kila kipande peke yake, kisha vikaunganishwa kuwa lesi za kuuzwa kwa matajiri. Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1913 isingewezekana, lakini Desemba 2013 iliwezekana: bibi mmoja, Carolyn Steyn, alipewa changamoto na Zelda la Grange, aliyekuwa katibu wa Mzee Mandela, atengeneze mablanketi 67 ya kuwapa maskini, moja kwa kila mwaka ambao Mzee alitumikia watu. Alipoona hawezi peke yake aliwaita wengine kwa simu na kompyuta, wakaja maelfu, wanaume pia, hata wafungwa magerezani wakafuma. Na Januari 2016 huko Chennai, India, akina mama waliokuwa wakikutana kwa njia hiyo hiyo walileta vipande vyao pamoja wakapata blanketi la mita za mraba 11,148.5, kubwa kuliko yote yaliyokuwa yamepata kufumwa kwa kroshia mpaka wakati ule. Baadaye walilitenganisha wakagawa mablanketi kwa wahitaji.

Nikingoja barua, nilishindwa kuvumilia. Jioni moja nilivitandaza vipande vyangu sakafuni kati ya vitanda nikajaribu kulifumbua fumbo mwenyewe. Umbo la pande sita ni zuri kwa sababu pembe yake ni nyuzi 120, na tatu zikikutana zatimiza 360, hapana pengo. Mraba nao wafaa, nne mara 90. Pembetatu sita za nyuzi 60 zafaa. Lakini pande tano hazifai, maana pembe yake ni 108. Tatu zafanya 324, na nyuzi 36 zabaki wazi kama jino lililong'oka. Nyuki wamelijua jambo hili bila kwenda shule, na nadhani ndilo lililomfanya mama akisie mzinga.

Niliweka kipande kimoja katikati. Kukizunguka, vipande 6. Kuvizunguka hivyo, 12. Kuvizunguka tena, 18. Jumla 37, hakikubaki wala hakikupungua hata kimoja! Niliruka. Fumbo lilikuwa umbo kubwa la pande sita. Ndipo mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye alikuwa amecheka kuliko wote, alishuka, akasukuma vipande kwa kidole cha mguu, akasema, "Mbona vyaweza kuwa nyota?" Nikamkatalia. Akavipanga. Akaacha 19 katikati, kile kimoja na 6 na 12, na wale 18 wa nje akawagawa mafungu sita ya vitatu vitatu, kila fungu akalifanya pembetatu juu ya upande mmoja. Ikawa nyota ya ncha sita, nayo ikala vipande vyote 37.

Tulibishana kwa sauti mpaka mwalimu wa zamu akaingia. Kwa bahati alikuwa ndiye yule wa hisabati. Alisimama mlangoni akitazama sakafu, nasi tukingoja adhabu. Akauliza, "Ni vingapi?" Tukamwambia. Akahesabu mwenyewe. Akatuamuru tukalale, na kesho yake akaja darasani akaandika ubaoni namba 37 peke yake.

Somo lile silisahau. Akatufundisha kwamba namba za kujaza umbo la pande sita huenda 1, 7, 19, 37, 61. Ukitaka kuzipata, chukua idadi ya duru zilizozunguka kile cha katikati, uizidishe kwa inayoifuata, kisha kwa 3, uongeze 1. Duru 3: tatu mara nne ni 12, mara tatu ni 36, na moja 37. Namba za nyota huenda 1, 13, 37, 73, 121. Hapo chukua cheo cha nyota, uzidishe kwa kinachotangulia, kisha kwa 6, uongeze 1. Nyota ya tatu: tatu mara mbili ni 6, mara sita ni 36, na moja 37. Akatuuliza, je, iko namba nyingine inayoweza kuwa vyote viwili? Tuliitafuta juma zima, wengine chini ya taa, wengine katika foleni ya uji. Iko: ni 1,261. Duru 20 kwa umbo la pande sita, na nyota ya 15. Kati ya 37 na hiyo hakuna hata moja. Asiyeamini na ajaribu.

Barua ilifika Ijumaa, imeandikwa na mtoto wa jirani kwa penseli. Kidokezo cha nane kilisema: kile cha kwanza katikati, vile vyekundu sita kukizunguka, na vyekundu sita vilivyobaki viweke duru ya pili, ukiruka kimoja kimoja, kila kimoja kikae katika mwanya kati ya viwili vya ndani. Nafasi zilizorukwa zitie kijani. Udongo wote nje. Tulipanga, nasi tukasimama kimya. Katikati ya blanketi ilikuwako nyota nyekundu ya ncha sita, ya vipande 13, nyota ya cheo cha pili, imelala ndani ya umbo la pande sita. Mimi na mwenzangu sote wawili tulikuwa tumesema kweli, ila nusu nusu. Kwa wale wapendao kuhesabu: 13 vyekundu, 6 vya kijani, 18 vya udongo.

Chini ya kidokezo mama alikuwa ameongeza maneno yake: "Dada yako amefika. Daktari asema huenda ikawa mapema."

Niliunganisha kwa siku tisa, baada ya masomo ya jioni. Kila upande wa nguzo 8 huwekwa juu ya mwenzake na kushonwa nguzo kwa nguzo. Kati ya vipande 37 vya umbo hili pana viungo 90. Sikuvihesabu kabla ya kuanza, na nashukuru. Mwenzangu wa kitanda cha juu alijifunza kiungo, akafanya kama 30 kati ya hivyo. Ukilitazama blanketi kwa karibu utajua ni vipi, kwa kuwa yeye huvuta uzi kuliko mimi. Kisha nikazungusha duru mbili za udongo kando kando, nikalikunja, nikalifunga katika karatasi ya gazeti, na mwanakijiji mwenzetu aliyekuja kumwona mtoto wake akaondoka nalo.

Mtoto alizaliwa tarehe 6 Agosti, siku tatu kabla ya mfuko ule kufika Nandagala. Ni msichana. Siku hizo tatu alifunikwa kanga ya Bibi, na mama aniambia kwamba mpaka leo hulala vizuri zaidi akifunikwa kanga, blanketi likiwa chini yake. Dada amelipiga picha, mama akaipeleka kikundini. Mwalimu wa Masasi alijibu kwamba kona moja ya udongo imejikunja kidogo, mfumaji ahesabu tena nguzo. Nimekumbuka ni ipi. Ina 54.

Mkono wa mama umepona, ila kidole cha pete hakikunjiki sawasawa, na sindano humponyoka. Kikundi kitaanza fumbo jingine mwezi wa Desemba, naye amekwisha kuandikisha jina lake. Hajaniambia ni nani atakayefuma, lakini katika barua yake ya mwisho ameniuliza tarehe ya kufunga shule mara mbili.

Sindano ya milimeta 5 ninayo, na kipande cha mfano pia. Atakayetaka kujifunza aje kwenye bweni letu Jumapili baada ya chakula cha mchana, naye aje na uzi wake, kwa maana wangu umekwisha.